Nimeweka enzaimu ya kula mafuta kwenye sabuni ya maji, haijala chochote. Nimepigwa?

mama_mapovu

Habari za humu wakuu. Mimi ni mtengenezaji wa sabuni ya maji hapa Morogoro, mwaka wa nne sasa, nauza kwa madumu ya lita tano tano. Wateja wangu wakubwa ni wauza chipsi, mama ntilie na gereji mbili za karibu na stendi. Kilio chao ni kimoja tu, mafuta. Aproni ya muuza chipsi unaifua, inakauka, unaikunja na bado mkono unateleza, na ovaroli za gereji ndo usiseme kabisa.

Sasa kuna mtu akanishauri kwamba sabuni za unga za viwanda vikubwa zinashinda zetu kwa sababu zina enzaimu, na kuna moja inaitwa lipasi ambayo inatolewa kwa vijidudu na kazi yake ni kula mafuta basi. Nikazunguka Kariakoo mpaka nikaipata, nusu kilo, unga wa rangi ya maziwa ya kuchemka hivi, una harufu kama ya hamira. Bei yake sitaki hata kuitaja mume wangu asije akasoma humu.

Nikapika lita 20 kama kawaida yangu: salfoniki na slesi (ndo za povu na kusafisha), soda ashi, CDE (ya kushikilia povu na kuongeza uzito), chumvi, gliserini kidogo, rangi, pafyumu, fomalini vijiko viwili isioze. Ile enzaimu niliikoroga kwanza kwenye maji ya moto ya kuchemka ili isifanye mabonge, kama tunavyofanya na CMC (ule unga wa kufanya sabuni iwe nzito), halafu nikaimimina. Nikaacha siku mbili povu lishuke.

Matokeo: aproni moja nimefua kwa sabuni ya zamani, nyingine kwa hii mpya. SAWASAWA. Hakuna tofauti hata ya kudanganyia mteja. Ovaroli ya gereji ndo kabisa, ile nyeusi imekaa pale pale inaniangalia. Wiki mbili baadae nikajaribu tena, hola.

Swali langu, huu unga ni feki? Au mimi ndo nimekosea? Na hii kitu inafanyaje kazi hasa maana kila ninayemuuliza ananijibu "inakula mafuta" kana kwamba ni panya.

bingwa_wa_jiki

Dada weka jiki, loweka, lala. Kesho yake hata rangi ya nguo hutaiona sembuse mafuta 😂

mzee_soda

Mama mapovu pole. Mimi nadhani tatizo ni soda ashi. Sabuni zetu hizi pH (kipimo cha uasidi na ukali wa soda, 7 ndo katikati) inapanda mpaka 10 huko na vitu vyenye uhai havitaki ukali huo, tumbo lako lenyewe lina asidi. Punguza soda, pima na ile karatasi ya rangi, ikifika 7 jaribu tena. Kuhusu kupigwa, kwa Kariakoo lolote linawezekana, mimi niliwahi kuuziwa unga wa muhogo nikaambiwa ni CMC.

kemia_mtaani

Dada, kabla hujamlaumu muuzaji ngoja tuangalie mapishi yako, maana nikisoma naona hiyo enzaimu imeuawa mara tatu kabla haijafika kwenye aproni.

Lipasi ni protini. Ndo kile kimeng'enya tulichofundishwa shuleni. Haina uhai, haili, haizaliani, ni kama mkasi mdogo sana uliotengenezwa na kijidudu. Ukichemsha yai ute unakuwa mweupe na haurudi tena kuwa maji, sasa ulichofanya wewe kwenye maji ya moto ni hicho hicho. Mkasi umeyeyuka umbo. Hiyo ni mauti ya kwanza.

Ya pili ni fomalini. Ile ni dawa ya mochwari, kazi yake ni kuzifunga protini zisioze, zikae kama zilivyo. Kwa hiyo hata kama kuna mikasi ilipona kwenye maji ya moto wewe umeipeleka mochwari. (Na hata bila habari ya enzaimu, fomalini iache dada yangu, shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na wewe unaivuta kila unapopika.)

Ya tatu salfoniki. Hii ndo inatoa povu na inasafisha vizuri sikatai, ila inazivuruga protini nazo. Slesi ina upole zaidi. Ndo maana sabuni za maji za viwandani zenye enzaimu zinapimwa sana mchanganyiko wake, wanaweka kalsiamu kidogo, propilini glaikoli, wengine boraksi, ili mkasi ukae umbo lake miezi mingi dukani. Na kuna kituko kingine, sabuni hizo mara nyingi zina enzaimu ya kukata protini pia, ya madoa ya damu na mayai, na lipasi yenyewe ni protini, kwa hiyo wasipoidhibiti mmoja anamla mwenzie ndani ya chupa.

Mzee soda, kwa heshima zote, hapo kwenye pH sikubaliani nawe. Lipasi ya kufulia ilichaguliwa makusudi ili ivumilie ukali wa sabuni. Ile maarufu ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1988, Lipolase, ya kampuni ya Novo ya Denmark. Chanzo chake ni kuvu anayependa joto anaitwa Thermomyces lanuginosus, hupatikana kwenye mboji inayofukuta. Kuvu huyo hatoi nyingi ya kutosha biashara, basi wakachukua jeni yake (yale maelekezo ya kutengeneza lipasi) wakaiweka kwa kuvu mwingine, Aspergillus oryzae, yule yule ambaye Wajapani wanachachushia mchuzi wa soya karne na karne. Huyu anafugwa kwenye matangi, anamwaga lipasi nje ya mwili wake, wanachuja wanapata unga. Kwenye pH 9 au 10 inafanya kazi vizuri tu, ukishusha mpaka 7 unaweza hata kuipunguzia kasi.

Sasa inavyofanya kazi. Tone la mafuta ya kula, yawe ya alizeti, mawese au ya ng'ombe, ukilikuza sana utakuta vipande vyenye umbo la uma wa meno matatu. Mpini ni gliserini, meno ni asidi za mafuta. Lipasi inakata pale jino linaposhikana na mpini. Mafuta hayapendi maji ndo maana yanang'ang'ania nguo, ila yakikatwa, zile asidi zikikutana na soda yako zinakuwa sabuni. Yaani doa linageuka sabuni pale pale lilipo. Na huo mkasi una mfuniko, kama chaza. Ukiwa kwenye maji matupu umejifunga, ukigusa uso wa mafuta unafunguka. Wanasayansi waliliona umbo hilo vizuri mwaka 1990.

Kwa hiyo sasa angalia ovaroli ya gereji. Ile ni oili ya injini na grisi, mafuta ya petroli yale, hayana huo uma. Ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni tu, hakuna mahali pa kukata. Hata ungekuwa na lipasi bora duniani, kwenye ovaroli ingekaa imejifunga inakuangalia kama lile doa. Wateja wa gereji waendelee na slesi, CDE na kusugua. Wateja wa chipsi ndo wa kuwapigania.

Jambo jingine, umefua aproni mara moja ukatoa hukumu. Ile lipasi ya kwanza ya kibiashara ilijulikana kwamba inafanya kazi kubwa nguo ikiwa inaelekea kukauka, ule unyevunyevu wa kamba, halafu kilichokatwa kinatoka kwenye ufuaji unaofuata. Tofauti ilikuwa inaonekana baada ya kufua mara mbili tatu. Zilizokuja baadae ndo zikaboreshwa zikate tangu mara ya kwanza, na unga wako hatujui ni wa kizazi gani.

mama_mapovu

Ee Mungu wangu. Kwa hiyo nimeichemsha, nimeipeleka mochwari halafu nikaipeleka gereji. Asante sana kaka kemia nimecheka huku nalia. Ila bado nina kama nusu ya ule unga sijautumia, uko kwenye mfuko wake. Nitajuaje kama ni mzima kabla sijapoteza lita 20 nyingine? Sina maabara mimi nina ndoo na mwiko.

maziwalala_254

Niko upande wa Kenya, nafanya kazi kwa kiwanda kidogo cha maziwa. Acha niwachekeshe, nyinyi mnatafuta hii kitu kwa pesa na sisi tunaikimbia kila siku.

Maziwa ikitoka kwa mkulima inaingia kwa tenki ya baridi. Kwa baridi bakteria wengi wanatulia, lakini kuna wale wa jamii ya Pseudomonas, hao baridi haiwasumbui, wanaongezeka pole pole ukidhani maziwa iko salama. Wakiwa wengi wanaachilia lipasi. Sasa wewe unachemsha maziwa nyuzi 72 sekunde 15 vile sheria inasema, bakteria anakufa, unaandika kwa kitabu kila kitu sawa. Lipasi yake haijakufa! Hiyo yao ni sugu sana, hata zile maziwa za pakiti za kukaa miezi, zenye zimepigwa moto mkali kabisa, kuna kiasi inabaki. Inaendelea kukata mafuta ndani ya pakiti kwa duka, na siku moja mteja anapiga simu, maziwa yenu ina ladha ya sabuni. Na anasema ukweli, si ameonja hizo asidi.

Kwa hiyo kemia ukisema joto inaua enzaimu, inategemea ni ya nani. Ya huyo dada kwa maji ya kuchemka nakubali imeenda. Lakini kuna zingine ni vichwa ngumu.

Na kitu ingine, mafuta ya maziwa iko na asidi fupi fupi, ile ya siagi hasa. Ikikatwa inanuka, aki inanuka kama matapishi ya mtoto. Kwa chizi ya Kiitaliano kama provolone hiyo ukali kidogo ndio wanataka, zamani walikuwa wanaipata kwa tumbo ya mwanambuzi au mwanakondoo, siku hizi kuna ya kuvu anaitwa Rhizomucor miehei. Kwa nguo sasa hakuna mtu anataka. Mama mapovu ukienda kuuzia wamama wenye watoto wachanga, ambia wasuuze vizuri.

mtu_wa_kigoma

Maziwalala umenikumbusha nyumbani. Sisi wa mawese tunaijua hiyo kitu bila kujua jina lake. Bibi yangu alikuwa mkali sana chikichi zikishakatwa zisitupwe tupwe, na zisikae. Watu wengi wanarundika mikungu siku kadhaa ili chikichi zilainike na kuchomoka kirahisi, halafu ndo wanachemsha. Mafuta yanayotoka hapo yanakwaruza koo. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba tunda lenyewe la mchikichi lina lipasi yake, likigongwa tu linaanza kujikata mafuta, na ukungu ukiingia unaongeza ya kwake. Ukiwahi kuchemsha unaizima. Viwanda vikubwa vya mawese ndo maana mkungu ukifika unapigwa mvuke kwanza kabla ya kitu chochote.

Ndugu zetu wa pwani na Pemba si ndo yale yale kwenye mbata? Ikianikwa vibaya ikapata ukungu, mafuta yake yanakuwa makali.

Ila mtengeneza sabuni hajali! Mawese makali yaliyokataliwa jikoni ndo sisi tunayapeleka kwenye kostiki (ile soda kali ya kupikia sabuni), yanashika haraka zaidi maana kazi ya kukata ilishaanzwa na ukungu bure.

Swali dogo kwa kemia: doa la mawese kwenye nguo, lipasi itaondoa na ule wekundu?

kemia_mtaani

Wekundu hapana mkuu. Ile ni karotini, rangi ya karoti, haina uma wa kukata. Lipasi ikiondoa mafuta yanayoishikilia, rangi nyingine inatoka nayo na inayobaki anika juani, jua linaifuta. Bibi zetu walijua.

Maziwalala nimekubali, sikusema vizuri. Na mzaha wa bingwa wa jiki hapo juu una ukweli ndani yake, jiki inaharibu protini vibaya mno, kwa hiyo mama mapovu mteja akichanganya jiki kwenye beseni lenye enzaimu mchezo umeisha.

Jaribio la kujua kama unga wako ni mzima: kuna lile la shuleni. Chukua maziwa fresh yenye mafuta yake, tia soda ashi chembe kidogo mno, dondoshea fenoftalini (dawa ya maabara inayobadilika rangi ikikutana na soda), yanakuwa ya waridi. Gawa kwenye glasi mbili. Ya kwanza tia unga wako uliokorogwa kwa maji vuguvugu, ya pili tia unga ule ule uliochemshwa dakika tano ukapoa. Ziweke glasi zote ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yale unayoweza kutia mkono ukakaa. Lipasi ikiwa nzima inakata mafuta ya maziwa, asidi zinamaliza soda, waridi linapotea linarudi jeupe. Ile iliyochemshwa inabaki waridi. Ukiona zote mbili zimebadilika sawasawa ujue ni unga wenyewe una uasidi, na zote zikibaki waridi hapo ndo umfuate mtu wa Kariakoo.

fundi_chemba

Naomba niingilie kidogo, hii mada inanihusu. Miye nipo Unguja, kazi yangu ni machemba ya mafuta ya mahoteli, yale yanayokaa baina ya jiko na bomba la nje. Kila mwezi anakuja mtu na dumu, hii ina enzaimu, mwaga usiku, asubuhi mafuta hakuna. Kweli asubuhi ukifungua chemba imepungua. Meneja anafurahi, anasema basi fundi tusikuite tena.

Miezi mitatu baadae wananiita, bomba la nje limeziba mita thelathini mbele. Nikapasua nikakuta kitu cheupe kigumu kama chokaa, ukikikwangua kinaparara kama sabuni ya kipande iliyosahauliwa juani. Sasa nikisoma maelezo ya bwana kemia hapo juu ndipo nimefahamu. Ile enzaimu ilikata mafuta, asidi zikapita na maji ya moto, huko mbele zikapoa zikakutana na kalsiamu ya maji yetu ya kisima na saruji ya bomba, zikawa sabuni ya chokaa. Taka haikuondoka, ilihamishwa tu ikapelekwa kwa jirani.

Kuna miji nje huko imepiga marufuku kabisa kumwaga dawa hizi kwenye chemba. Na London mwaka 2017 walitoa donge la mafuta na taka pale Whitechapel lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, kipande chake wakakiweka makumbusho! Sisemi lile lilitokana na enzaimu, lile ni mafuta ya majiko na vitambaa vya kujifutia, lakini ugumu wake ndio huo huo wa sabuni ya chokaa.

Dawa yenye bakteria hai ni habari nyengine, maana yule akishakata anazila zile asidi, lakini anataka muda na hewa, na maji ya jiko la hoteli yanapita mbio na yana jiki. Miye nachota kwa ndoo. Inanuka lakini inaondoka.

kijana_wa_mboji

Wakuu nina wazo. Kama hii lipasi inatoka kwa kuvu, na Singida mashudu ya alizeti yamejaa na yana mafuta mafuta bado, kwa nini tusiyaloweshe tukaota ukungu wetu wenyewe tukachuja lipasi? Tunaagiza nje kila kitu jamani.

kemia_mtaani

Wazo zuri na si jipya, kuvu kuoteshwa juu ya mashudu ni jambo ambalo limefanyiwa utafiti nchi nyingi na lipasi inatoka kweli. Ila usifanye jikoni. Ukiacha mashudu yaote ukungu wowote unaokuja wenyewe, mmoja wa wanaokuja ni Aspergillus flavus, na huyo ndo mwenye sumukuvu. Tunakumbuka Dodoma na Manyara 2016, watu walikufa kwa mahindi. Huyu ni ndugu wa karibu sana wa yule wa mchuzi wa soya, kwa macho huwatofautishi kirahisi. Maabara wanaanza na mbegu safi ya kuvu mmoja wanayemjua, chombo kimechemshwa, hewa inachujwa. Hapo ndo gharama ilipo, mashudu ni bei rahisi.

Lakini nikushawishi usiishie kwenye kufua. Kwangu mimi kufua ndo matumizi ya kawaida kuliko yote, utamu uko kwenye kuunganisha. Mkasi huu ukiuweka mahali pasipo na maji mengi unafanya kinyume, unashikiza meno kwenye mpini badala ya kukata. Kuna lipasi inachagua meno ya pembeni tu, la katikati hailigusi. Kwa hiyo unachukua sehemu ya mafuta ya mawese, unabadilisha meno ya pembeni unaweka asidi nyingine, unapata mafuta yanayoyeyuka mdomoni kama ya kakao, yanaingia kwenye chokoleti. Kwa njia hiyo hiyo wanatengeneza mafuta ya maziwa ya watoto wachanga, kwa sababu kwenye maziwa ya mama asidi moja inayoitwa palmitiki imekaa zaidi jino la katikati na kwenye mawese imekaa zaidi pembeni. Mkasi unapanga upya.

Na mafuta ya chipsi yaliyochoka, yale meusi. Ukitaka kuyafanya dizeli kwa kostiki na methanoli (aina ya spiriti), yakiwa yameshachakaa yana asidi nyingi, na asidi na kostiki inakuwa nini? Mama mapovu jibu unalo. Unapata ndoo ya sabuni badala ya mafuta ya gari. Lipasi haina shida hiyo, asidi nazo inazigeuza dizeli. Shida yake ni methanoli ukiimwaga yote kwa mpigo inaiua, inabidi uitie kidogo kidogo, na lipasi yenyewe ni ghali kwa hiyo wanaigandisha kwenye vijipunje vya plastiki ili waichuje waitumie tena na tena. Mojawapo inayotumika sana hivyo ni ya hamira iliyopatikana kwenye ziwa moja huko Antaktika, barafu tupu, halafu ajabu yake inafanya kazi mpaka kwenye nyuzi 60. Mungu ana mambo yake.

mzee_soda

Kemia nimerudi kukubali kosa kuhusu pH. Ila muhogo wa Kariakoo nausimamia.

mama_mapovu

Nimerudi na majibu jamani!!

Fenoftalini sikuipata, mwalimu wa sekondari ya jirani yuko likizo. Nikakaa nikawaza, mbona manjano ya pilau ikidondokea kitenge ukiigusisha sabuni inakuwa nyekundu? Si ni hiyo hiyo habari ya soda. Basi nikachukua maziwa kikombe, soda ashi ncha ya kijiko, manjano kidogo, yakawa rangi ya tofali. Nikagawa glasi mbili kama ulivyosema, moja unga mzima na moja unga uliochemshwa, nikaziweka kwenye beseni la maji vuguvugu, nikamuweka binti yangu alinde na simu apige picha kila dakika tano.

Dakika kumi hamna kitu. Kufika ya ishirini na kitu glasi ya kwanza imeanza kuwa ya chungwa, nikasema macho yangu haya. Ikafika kama nusu saa na ushee ni ya njano kabisa kama maziwa ya manjano ya kunywa kwa mafua, na ile ya pili bado tofali vile vile. Halafu nikanusa ile ya njano. Maziwalala ulisema kweli, sitakaa nisahau, binti alikimbia nje.

Kwa hiyo muuzaji wa Kariakoo namuomba radhi huko aliko, nilishamsema vibaya kwa watu watatu.

Nikaenda mbele. Aproni mbili za yule kijana wa chipsi, nimezilowesha kwenye ndoo ya maji vuguvugu na sabuni yangu ya slesi tupu isiyo na fomalini wala salfoniki, moja nimetia kijiko cha chai cha unga, nyingine sijatia. Zimelala usiku kucha, asubuhi nimefua, nimeanika, jioni nimerudia tena kulowesha na kufua. Hii niliyotia unga, baada ya kufua mara ya pili, nikiikunja haitelezi. Haitelezi! Mfuko wa mbele ambao anafutia mikono bado una kivuli cha mafuta lakini si ule ugumu. Ile isiyotiwa iko vile vile.

Sasa nafikiria kuuza unga kwenye vipakiti vidogo pembeni ya dumu, mteja anachanganya mwenyewe siku ya kulowesha, maana kuuweka ndani ya sabuni naona bado sina ubavu wa kina glaikoli. Mnaonaje?

kemia_mtaani

Hapo kwenye manjano umenifunga goli dada, sikuliwaza.

Vipakiti ni sawa kabisa, ukiwa mkavu na pasipo joto unakaa muda mrefu. Ila kitu kimoja usikidharau, vumbi lake. Mwishoni mwa miaka ya 60 viwanda vya sabuni Uingereza vilipoanza kutumia unga wa enzaimu, wafanyakazi walianza kupata pumu kwa kuvuta vumbi, ndo baadae viwanda vikahamia kwenye chembechembe zilizofunikwa nta ili zisipeperuke. Wako ni unga mtupu. Kwa hiyo barakoa ile nzito, si kitambaa, funga feni, pima kwa kijiko usimwage kutoka juu, na binti asikae karibu. Bora zaidi uulize huko ulikonunua kama wana wa chembechembe. Na kwenye kipakiti andika maji vuguvugu, usichanganye na jiki, usitie machoni wala usivute.

mama_mapovu

Sawa kaka. Na niandike "si ya ovaroli za gereji", maana wale jamaa wakiliona neno mafuta tu watanunua boksi zima halafu watarudi kunidai.

bingwa_wa_jiki

Mimi nipo gereji ya pili hapo stendi dada, ulisema lini utaleta hayo maboksi 😂